Kwenda Ugenini na Mama Mkwe

Timu ya mtaa wetu ilipofungwa mabao manne kule Kipushi, mama mkwe wangu alisimama kanisani Jumapili asubuhi akamshukuru Mungu kwa ushindi. Mtu alikuwa amempigia simu akamwambia tumeshinda, naye hakuwa na sababu ya kutoamini. Redio ya hapa Likasi hutangaza mechi za nyumbani tu. Timu ikishatoka mjini, habari zake huja kwa simu na kwa midomo ya watu, na kila mdomo una timu yake. Basi wamama wa kwaya wakaanzisha wimbo, ngoma ikalia, mama mkwe akacheza mpaka mbele ya mimbari akipunga kitambaa chake cheupe. Sisi watu wa mpira tuliokuwa ndani ya kanisa tulitazama viatu vyetu.

Ukweli aliupata mlangoni, kutoka kwa mzee wa kanisa mmoja aliye shabiki wa timu nyingine. Nasikia mzee yule alimweleza bao moja baada ya jingine, taratibu, kama anayesoma zaburi.

Jioni mke wangu aliniletea ujumbe.

"Mama anasema hataamini tena simu ya muntu. Match ya Kakanda, ataenda kuangaria na macho yake."

"Ni vizuri," nikasema. "Ataenda na nani?"

"Na weye. Weye njo uko na motokari."

Nilikuwa nimeshika bisibisi, nafungua friji ya mteja, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Bisibisi ikaanguka ndani ya friji. Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake ni watu wa kukwepana. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima, na heshima yenyewe ni ya kukimbiana. Huketi karibu naye, humgusi, huli mbele yake, humtazami machoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Tangu nioe, kila nilipokwenda kwake nilipewa chakula katika chumba cha pembeni, mlango umefungwa, nikala peke yangu kama mgonjwa. Siku moja tulikutana ghafla sokoni, nami nikajificha nyuma ya magunia ya makala, yaani makaa. Nilipotoka, shati jeupe limekuwa jeusi, nilimwona bado amesimama palepale, amegeukia rundo la sombe, majani ya muhogo, analisalimia majani kwa majani ili anipe muda wa kukimbia. Alikuwa mama mwenye adabu sana.

Kwamba alipenda mpira nilijua, lakini kwa mbali. Baba mkwe, aliyetutoka mwaka uliotangulia, ndiye aliyekuwa akimpeleka uwanjani. Wao walikaa jukwaa la upande mmoja, mimi nikakaa la upande wa pili, uwanja mzima katikati yetu. Niliona kitenge chake tu. Tangu baba mkwe afariki hakuwa amekanyaga uwanjani tena, na sisi sote tulidhani mapenzi yake ya mpira yamezikwa pamoja na mumewe.

Sasa nieleze motokari yangu. Ilikuwa kama nyingi za Katanga: imetoka Japani, ikapitia Zambia, usukani wake uko kulia, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia. Maana yake dereva anakaa upande wa majani. Ukiwa nyuma ya lori, unaona lori. Anayeiona barabara ni abiria wa mbele, kule kushoto, na uhai wa wote uko mdomoni mwake. Yeye ndiye husema "pita" au "ngoja".

Kiti hicho kilikuwa cha jirani yangu, mpiga tarumbeta wa mashabiki. Kwa tarumbeta hakuna aliyemfikia Likasi nzima. Kwa kuangalia barabara alikuwa hafai kabisa, kwa sababu lori lolote likitokea mbele yake alifumba macho akaanza kusali.

Asubuhi ya mechi mama mkwe alifika amevaa kitenge cha rangi za timu na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kama anakwenda vitani. Aliingia nyuma, upande wa kushoto, mbali nami kadiri gari lile lilivyoruhusu, yaani umbali wa mkono mmoja. Nikageuza kioo cha ndani kikatazama dari, maana kumwangalia mama mkwe machoni ni kosa hata kwa kioo. Nikawa dereva asiyeona mbele wala nyuma.

Tukaenda Kakanda hivyo, kupitia Kambove, katika vumbi jekundu, bila neno. Mara moja tu sauti ilitoka nyuma, ikielekezwa kwa jirani: "Mutoto wangu, umuambie mwenye motokari afunge kioo chake. Vumbi inaniingia."

Jirani akanigeukia, nami nilikuwa nimekwishasikia, maana masikio yangu yalikuwa ndani ya gari lilelile. "Mama anasema ufunge kioo."

"Umuambie nimefunga," nikasema.

"Mama, anasema amefunga."

"Umuambie merci."

Uwanja wa Kakanda hauna majukwaa. Kuna kamba imezungushwa, na nyuma ya kamba kuna watu wa migodi na wake zao na pikipiki zao. Mama mkwe aliuzunguka uwanja wote akaenda kusimama upande wa pili, peke yake kati ya mashabiki wa pale, kwa ajili ya heshima yangu. Nikamwonea huruma. Huruma ile haikuchukua muda. Mwamuzi alipotunyima penalti, sauti ilivuka uwanja, sauti ya mwanamke, kali kama filimbi:

"Arbitre! Ile macho yako ni ya kuangaria ao ni ya kulilia tu?"

Uwanja mzima ukageuka. Nami nikageuka. Alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, anaitikisa, na mwanaume mwenye misuli aliyesimama karibu naye alikuwa akirudi nyuma polepole. Macho yetu yakakutana juu ya vichwa vya wachezaji. Sote wawili tukatazama mbinguni kwa haraka.

Tulitoka sare. Wakati wa kurudi, mambo yalianza kubadilika, ingawa kwa kupitia jirani.

"Umuambie," sauti ya nyuma ilisema, "ule numero six hana na mugulu ya kushoto."

"Mama anasema numero six hana na mugulu ya kushoto."

"Umuambie na miye nimeona. Ni mwaka wa pili namuona."

"Anasema na yeye ameona, mama."

"Umuambie kocha iko shemeji yake. Njo maana anacheza."

Hilo sikulijua. Nilishika usukani kwa nguvu ili nisigeuke kumuuliza. Mpaka tunaingia Likasi tulikuwa tumechambua timu nzima kuanzia kipa, na jirani alikuwa amepoteza sauti.

Mechi iliyofuata ilikuwa Kolwezi, na barabara ya Kolwezi ni barabara ya malori. Yanabeba shaba na kobalti, marefu kama treni, moja nyuma ya jingine, na yakipanda mlima mtu anayetembea kwa miguu anayapita. Tulivuka Mulungwishi vizuri. Kwenye kilima kilichofuata tukashikwa nyuma ya lori lililotutemea moshi mweusi moja kwa moja usoni. Mimi nilikuwa naona namba zake za nyuma tu. Jirani alikuwa amefumba macho. Mama mkwe, aliyekuwa kushoto, alikuwa anaona kila kitu.

"Umuambie apite," akasema.

"Mama anasema upite," jirani akasema gizani mwake.

Lakini ujumbe ule ulipofika kwangu nafasi ilikuwa imekwisha. Nilichungulia kidogo tu, nikakuta uso wa lori jingine unashuka. Nikarudi nyuma ya lori letu.

"Umuambie angoje!"

"Mama anasema ungoje."

"Nimekwisha kungoja!" nikasema.

"Anasema amekwisha—"

"Nimesikia, mutoto wangu."

Tukaendelea hivyo mlima wote. Kila neno zuri lilinifikia limechelewa, na kila neno lililochelewa lilitaka kutuua. Mwishowe nilisikia kioo cha nyuma kinashushwa, upepo ukaingia, na mama mkwe akatoa kichwa chote nje, kitambaa kikipepea.

"Pita!" akapiga kelele. "Pita, mukwe! Pita sasa! Kanyanga!"

Nilikanyaga. Sikuwaza lori wala kifo. Niliwaza kwamba mama mkwe ameniamuru. Tukalipita lori lile, tukalipita na la mbele yake, kwa sababu hakuwa ameniambia nirudi, mpaka aliposema, "Inatosha, ingia," nami nikaingia.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu nimchukue binti yake, na yalikuwa "pita" na "kanyanga". Niliona aibu imejaa gari kama maji. Jirani, aliyekuwa na moyo mwema kuliko macho yake, akajaribu kutuokoa. Akakohoa, akanigeukia, akasema taratibu:

"Mama anasema upite."

"Umuambie nimepita," nikamjibu.

Kolwezi walitupokea kama wageni wa timu pinzani wanavyopokelewa, yaani askari walitusukumia sote kwenye pembe moja ya jukwaa karibu na uzio, watu wa Likasi tumebanana. Nilitafuta upande mwingine wa kwenda. Hakukuwa na upande mwingine. Pande zote zilikuwa za wenyeji, na wenyeji walikuwa wamekwisha kutuonyesha kwa vidole jinsi watakavyotukata shingo. Basi tukaketi kwenye benchi moja: mimi, jirani katikati kama ukuta, na mama mkwe. Nilijitahidi kuwa shabiki mtulivu. Mpira ulipogonga mwamba nilisema tu, "Loo." Mama mkwe naye, kwa ajili yangu, alimwita mwamuzi "papa arbitre".

Kipindi cha pili kilipokuwa kinaelekea mwisho, bila bao, jirani alisimama kwenda kutafuta maji. Midomo ya mpiga tarumbeta hukauka, simlaumu. Aliacha nafasi tupu kati yetu, nami nikaitazama kama mtu anayetazama daraja lililovunjika.

Na hapo ndipo tulipofunga. Ilikuwa kona. Mpira ulipita juu ya kila mtu ukamkuta numero six, yuleyule, akaupiga na sijui nini, labda goti, labda Mungu, ukaingia. Nakumbuka nyavu zikicheza. Sikumbuki nilivyoinuka. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimekumbatia mtu kwa nguvu zangu zote, namwinua kutoka chini, naye amenikaba shingo, ananipiga mgongoni kwa ngumi akilia "Baba! Baba! Baba!", na kitambaa chake kimeniziba macho, na kitambaa kile kilikuwa na harufu ya dawa ya nondo.

Nikajua. Naye akajua. Tuliachana kama watu walioshika sufuria ya moto kwa pamoja.

Pembe yetu yote ilikuwa imenyamaza. Sisi ni watu wa mtaa mmoja, tunajuana. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kanisani: "Aba! Ni bukwe yake." Baadaye niliambiwa kwamba wenyeji walikaribia kusawazisha dakika ile na kipa wetu akaokoa kwa ajabu kubwa, lakini hakuna hata mtu mmoja wa Likasi aliyeliona jambo hilo. Wote walikuwa wanatutazama sisi. Jirani akarudi na chupa mbili za maji, akakuta tumekaa kila mtu kwenye ncha yake ya benchi, akauliza, "Kumetokea nini?"

Tulishinda. Na ushindi ule ulitutangulia nyumbani, kwa sababu kijana mmoja alikuwa anapiga video ya kona ile. Tulipofika péage ya kuingia Likasi, hata mpokea ushuru alicheka aliponiona. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Aliicheza video mbele yangu, kisha akaicheza tena, na machozi ya kicheko yalikuwa yanamdondokea kifuani.

Kaka yake mama mkwe hakucheka. Jumapili, baada ya ibada, alitukusanya katika sebule ya mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe alikaa chumba cha pili, mlango wazi kidogo, maana sasa tulirudishiwa adabu zetu zote na nyingine za kuongeza. Mjomba alieleza kwamba mila imevunjwa na kwamba aliyeivunja lazima atoe kuku mweupe. Tatizo lilikuwa kujua ni nani aliyemshika mwenzake kwanza.

"Tuletee ile video," akasema.

Alivaa miwani, akaisogeza simu karibu na pua. Wazee wengine wawili wa ukoo wakainama kila upande. Wakaitazama. Wakaitazama tena.

"Rudisha nyuma," mjomba akamwambia mke wangu. "Simamisha pale. Hapana, umepita. Rudisha."

"Mukono wake njo iko ya kwanza," mzee mmoja akasema, akinionyesha mimi.

"Hapana, yomba, angaria muzuri," mke wangu akasema. "Mama amekwisha kuruka. Miguu yake haiko chini."

"Kuruka haina kosa. Kosa ni kugusa."

"Tena iko na muntu mbele," mzee wa pili akalalamika, "kichwa yake inafunika. Hakuna video ya upande ingine?"

Nilikaa kwenye kiti changu natoka jasho, nikiwa mtu wa kwanza Haut-Katanga kuhukumiwa na VAR ndani ya sebule. Mjomba alikuwa ameanza kueleza kwamba, kwa kawaida, bega halihesabiki, ndipo sauti ikatoka chumba cha pili.

"Ni miye."

Wazee wakainua vichwa kutoka kwenye simu.

"Ni miye nilimukamata kwanza," mama mkwe akasema. "Muache ile telefone. Kuku nitatoa miye. Na ile chakula ya kumufungulia mukwe, bwana yangu alikufa mbele hatujaipika. Nitaipika."

Kuna chakula ambacho familia ya mke humpikia mkwe ili kumwondoa mafichoni. Baada ya chakula hicho anaweza kuketi nao, kula nao, kusema nao kama mtoto wa nyumba. Kilikuwa kimesahauliwa katika ugonjwa wa baba mkwe na mazishi yake, nami sikuwa mtu wa kudai. Mjomba alifikiri kidogo, akavua miwani, akasema shauri limekwisha, ila yeye binafsi bado aliamini mkono wangu ndio uliotangulia.

Aliipika Jumamosi iliyofuata. Bukari mweupe, ugali wetu, sombe iliyopondwa kwa karanga, na kuku mzima. Safari hii hawakunipeleka chumba cha pembeni. Mama mkwe mwenyewe alileta maji, akanimiminia mikononi, akafunua sahani, akatwaa kiti akaketi mbele yangu. Watu wengine wakatoka, kama inavyopaswa. Nilikata tonge, nikalizungusha kwenye vidole mpaka likawa gumu kama jiwe.

"Kula," akasema. "Siye ni kama lori ya mizigo, hatuna haraka."

Nikala. Yeye alitazama mikono yake.

"Bwana yangu," akasema, "kila goli alikuwa ananikamata vile. Mbele ya bantu bote. Nilikuwa namuambia: baba, ona haya! Hasikii. Tangu alikufa, hakuna muntu ananikamata. Batoto banakuya, banasalimia, banaenda. Kule Kolwezi, mupira iliingia, nikasahau kama hayuko."

Nilikuwa nimesikia lile "Baba! Baba!" na kudhani ni kelele ya furaha tu, kama mtu anavyomwita Mungu. Nikamtazama usoni, kwa mara ya kwanza bila kukimbia, nikaona kwamba mke wangu amechukua kwake paji la uso na ukaidi. Akanisogezea firigisi ya kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Niliila polepole, na yeye akaniangalia mpaka nilipomaliza, kisha akaniuliza kama kweli numero six alipiga kwa goti.

Mwezi uliofuata tulicheza Lubumbashi, dhidi ya timu ambayo sitaitaja kwa sababu bado nina hasira. Jirani alihamia nyuma bila kulalamika, akalala tangu tulipotoka Likasi. Mama mkwe alikaa mbele kushoto. Sijawahi kuendeshwa vizuri namna ile. "Ngoja. Ngoja. Iko moja ya makala, pikipiki, tena moja… Sasa. Nenda, nenda, nenda." Malori yote ya shaba yanayokwenda mpakani tuliyaacha nyuma, na alipoona dereva ametupungia mkono alimpungia naye, kwa madaha.

Tulifungwa matatu bila. Kosa la kwanza lilikuwa la kipa, nami nikasema hivyo tulipokuwa tunatoka mjini. Yeye akasema ni la beki. Nikasema beki angefanya nini. Akasema angekaa mahali pake. Tuligombana kwa sauti, bila msuluhishi, na kwa upumbavu nikamwambia kwamba haelewi mtego wa kuotea. Baada ya hapo hakunisemesha. Aliendelea kuonyesha njia kwa kidole tu: kidole juu, pita, kidole chini, ngoja.

Pale Kapolowe wauza samaki walikimbilia gari wameinua samaki wa kukaushwa kwa moshi. Kidole kikaelekea kando ya barabara. Nikasimama. Alishuka, akabonyeza samaki wote, akawanusa, akawatukana wawili watatu, akarudi na fungu moja kubwa na kipande kimoja mkononi. Akakivunja mara mbili. Nusu akaiweka kwenye goti langu, bila kunitazama.

Tulikuwa bado tumesimama, tunatafuna na kutema miiba kila mtu kwenye dirisha lake, jua linaelekea mto Lufira, wakati basi la mashabiki wa Lubumbashi lilipopita polepole likielekea Likasi kutembelea jamaa. Walitambua rangi za kitenge. Wakatoa vichwa, wakatuonyesha vidole vitatu, wakaimba.

Mama mkwe alimeza samaki. Akashusha kioo mpaka mwisho, akatoa kichwa na mabega, akawajibu. Sitaandika alichosema. Ni mama wa kwaya, bado anaongoza sauti ya kwanza, na wajukuu wake wanajua kusoma. Nitasema tu kwamba basi lile lilinyamaza, kwamba wauza samaki walipiga makofi, na kwamba jirani aliamka nyuma, macho mekundu, akauliza, "Mama anasema nini?"

"Umuambie alale," mama mkwe akaniambia, akifuta mikono yake kwa kitenge.